Chujio la maji la matembezini: miezi minne nalo huku Pemba

Assalaam aleikum jamani, kila nikirusha picha za matembezi watu wananiuliza kile kidude nnachofunga kwenye chupa ni nini, haya leo nakieleza. Ni chujio la maji, dogo tu kama tochi, unateka maji kwenye kifuko chake, unalifunga mdomoni mwa kifuko, unakamua, maji yanatoka upande wa pili. Nimenunua duka moja mjini Unguja kwa 75,000 na nimelitumia sanasana msitu wa Ngezi na njia za huku Konde mpaka Vumawimbi.

Kwa nini nimetoa hela yote ile? Mwaka jana tulikwenda Ngezi watu watano, maji ya kubeba yakatuishia kabla ya saa sita, mwenzetu mmoja akateka kijitoni kwa kiganja akanywa, na kweli maji yalikuwa yanang'aa unaona mpaka majani chini. Tukamwambia, akatujibu wazee wetu wameyanywa haya haya na wamezeeka. Tukarudi salama, siku ya kumi hivi ndo tumbo likamuanza, kuendesha, gesi inanuka mayai viza, na sote tukamlaumu muuza urojo maskini ya Mungu! Mpaka alipopimwa choo spitali akakutwa na giardia, na huyo mdudu mara nyingi anakaa wiki moja mpaka mbili ndo anajionesha, kwa hiyo ukija kuumwa ushasahau ulikunywa wapi. Msitu ule una popo, tumbili, paa, wote wanajisaidia humo humo na mvua ikipiga yote yanashuka majini.

Haya, chujio lenyewe. Ndani lina nyuzi zenye vitundu vya 0.1 maikroni (maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), bakteria na giardia hawapiti, maji hayanuki dawa na hungoji, hapo ndo raha yake. Shida ni maji ya tope. Masika nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, yanatoka matone tu, nikaja kugundua ile sirinji waliyoniwekea si pambo, unasukuma maji safi kwa nguvu yarudi kinyume, wallahi yalitoka rangi ya chai ilokolea! Siku hizi nachuja kwanza kwa kipande cha kanga kuukuu nlichokikunja mara nne ndo natia kwenye kifuko, halizibi ovyo.

Ila yule muuzaji kanidanganya mchana kweupe, kaniambia linatoa kila kitu mpaka chumvi. Nikajaribu kisima cha karibu na pwani, yakatoka meupe pee na chumvi ile ile, kwa sababu chumvi ishayeyuka inapita na maji yake. Virusi nao ni wadogo mno wanapita, kama wale wa homa ya ini A, kwa hiyo kisima kilicho karibu na vyoo nachuja kisha natia kidonge cha klorini nangoja nusu saa, haraka yote ishakwisha hapo. Na usiseme basi bora kidonge peke yake, kuna kijidudu kriptosporidiamu klorini haimuwezi, huyo anazuiwa na chujio. Kuchemsha ndo kunamaliza ubishi, yakitokota dakika moja yanatosha, lakini nani abebe sufuria mpaka Ras Kigomasha na jua lile (birika la kahawa tunabeba, hilo jambo jengine).

Na kitu ambacho kwenye boksi lao hakikuandikwa, miguu. Kichocho hakikupati kwa kunywa tu, kinaingia kwenye ngozi, sasa wewe unavua viatu unaingia mtoni mpaka magotini kujaza kifuko chako cha 75,000, umefanya nini? Mimi nimefunga kopo kwenye kijiti, nateka nimesimama ukingoni.

Nampa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya kifuko, mwezi wa pili tu kimepasuka mshononi, sasa nalifunga kwenye chupa ya soda na uzi wa mdomo wake, ule wa kufungia kizibo, unakubali bila kuvuja. Anaetaka kulijaribu kabla hajanunua anikute Konde Jumapili, ila aje na kanga yake.