Muvi ya Marvel: sabtaito au ya DJ?

Mi shabiki wa Marvel kindakindaki, Avengers: Endgame ya 2019 nishaiangalia kote kuwili: ya sabtaito (maandishi chini ya skrini) na ya DJ anayeitafsiri kwa Kiswahili. Ya sabtaito unapata dakika 181 zote na sauti ya Robert Downey Jr. mwenyewe (ndo Tony Stark, Iron Man), ila ukiinama kuchota bisi tu maneno yameshakupita. Sasa njoo kibanda umiza, mmebanana kwenye benchi, Thanos, lile adui kuu, anafoka kama dalali wa Kariakoo, DJ anachomekea utani wake, nusu ya maneno katunga (najua, wenye muvi zao mnanuna) na ukumbi mzima unapiga kelele. Kuelewa stori, sabtaito. Ila steringi huwa hafi jamani, Tony alivyokufa kule kwa DJ nililia mbele za watu.