Tathmini: MRI ya moyo bila kubana pumzi

Kipimo cha moyo kwa MRI, mashine inayotumia sumaku kupiga picha za ndani ya mwili, kina sifa ya kuwachosha wagonjwa, na sifa hiyo hakikusingiziwa. Kwa utaratibu wa kawaida, mgonjwa hulala chali ndani ya sumaku kwa dakika 45 hadi saa nzima na zaidi, huku akiamriwa tena na tena atoe pumzi, aibane kwa sekunde 10 hadi 15, kisha apumue. Amri hizo zina sababu: kila picha hukusanywa kidogo kidogo katika mapigo kadhaa ya moyo, na kifua kikitikisika katikati ya kazi, picha huchafuka. Bahati mbaya ni kwamba mtu anayetumwa kupimwa moyo mara nyingi ndiye hasa ambaye pumzi zake ni fupi au mapigo yake hayana mpangilio.

Nimepitia utaratibu huo, na baadaye nikapimwa katika kituo kingine kinachotumia upigaji wa haraka, kwa hiyo ninalinganisha huduma mbili ninazozifahamu. Katika huduma hii mpya sumaku haikubadilika. Kilichobadilika ni hesabu. Mwaka 2007 mtafiti Michael Lustig na wenzake walionyesha kwamba picha ya MRI inaweza kujengwa upya kutokana na sehemu tu ya taarifa zilizokuwa zikikusanywa, na siku hizi akili mnemba imeongezwa ili kusafisha na kukamilisha picha hizo. Matokeo yake ni kwamba picha za moyo ukiwa unapiga zinaweza kuchukuliwa ndani ya pigo moja au machache tu, mgonjwa akipumua apendavyo.

Hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa, na kwangu jambo hilo ni kubwa kuliko dakika zilizookolewa. Anayebana pumzi ndani ya bomba jembamba hulazimika kujisikiliza, huanza kuhesabu, na hofu humjia hata kama hakuingia nayo; anayeruhusiwa kupumua hupata nafasi ya kusahau alipo. Kelele za mashine, kwa kweli, ni zilezile, na viziba masikio bado ni vya lazima.

Hata hivyo, kasi hii ina gharama yake. Picha inayochukuliwa ndani ya pigo moja kwa kawaida huwa na ukali mdogo kuliko ile ya utaratibu wa zamani, na kwa mgonjwa mwenye mapigo yaliyotulia na anayeweza kubana pumzi bila shida, picha ya zamani bado inaweza kumfaa daktari zaidi. Nilipendezwa na kituo hicho kwa sababu mtaalamu aliniuliza kwanza kuhusu upumuaji wangu ndipo akachagua njia, badala ya kumpitisha kila mtu kwenye njia ya mkato.

Maandalizi hayakupungua hata kidogo. Maswali kuhusu vyuma mwilini na kifaa cha kurekebisha mapigo ni yaleyale, na haifai yapunguzwe. Vibandiko vya kufuatilia mapigo hubandikwa kifuani, na kanula, yaani mrija mwembamba wa kwenye mshipa, huwekwa mkononi kwa ajili ya gadoliniamu, dawa inayosaidia tofauti za msuli zionekane kwenye picha. Dawa hiyo hubaki kwa muda mrefu zaidi kwenye kovu la msuli wa moyo kuliko kwenye msuli wenye afya, hivyo ni lazima kusubiri dakika 10 hivi kabla ya kulipiga picha kovu hilo, na hakuna programu inayoweza kuharakisha damu. Kituo kizuri hutumia muda huo kuchukua picha nyingine. Kinachoahidi uchunguzi kamili wa kovu kwa dakika tano kiulizwe maswali.

Dosari ninayoihesabu dhidi ya huduma hii ni ripoti. Nilitoka kwenye mashine mapema, lakini majibu yalichukua muda uleule kama zamani, kwa kuwa daktari bado anapaswa kukagua picha zote na kuthibitisha vipimo vya vyumba vya moyo hata pale kompyuta inapomchorea mipaka. Mapokezi wangeweza kulieleza hilo siku ya kuweka miadi.