Nilitaka GB 60 kwenye C, nikaikosa D: huduma ya fundi kompyuta, Dodoma mjini

Naanza na nyota mbili, kwa sababu huyu fundi hakukimbilia kupiga Windows upya. Wengi hapa mjini ukiwaambia C, sehemu ya diski inayokaa Windows, imejaa, jibu ni hilohilo, acha mashine uje jioni. Yeye alifungua akaliona tatizo: C ya GB 100 imejaa, D, sehemu ya data yangu, ina nafasi tele, na katikati yao kimekaa kile kipande kidogo cha Windows cha urejeshaji. Windows haipanui C mpaka nafasi tupu iwe imegusana nayo upande wa kulia. Ukipunguza D, nafasi inatokea mwisho wa D, huko mbali, na amri ya kupanua C inabaki imefifia. Hadi hapo yuko sahihi.

Kisha akawasha GParted, programu ya kugawa diski, kwa flashi, akaipunguza D kwa GB 60, akaanza kuisogeza nzima kulia. Betri ya mashine imekufa, waya umechomekwa ukutani moja kwa moja, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hakuna, nakala ya D hakuna. Dodoma hii hii ya umeme wetu! Kupunguza ni jambo dogo. Kusogeza ni kunakili patisheni, yaani hicho kipande cha diski, yote, hapa zaidi ya GB 300, huku diski ileile ikisoma na kuandika. Kwa diski ya kuzunguka hizo ni saa nyingi. Umeme ukakatika katikati: sehemu ya data imeshahama GB 60 mbele, sehemu bado iko pale pale, na GParted haiwezi kuendelea ilipoishia.

Jibu lake: "Kaka, umeme siyo wangu."

Umeme siyo wako, sawa. Kuanza kusogeza bila nakala ni uamuzi wa nani?

Kazi hii haikuhitaji kusogeza chochote. Nakili D kwenye diski ya nje, fungua faili kadhaa uhakikishe zinasoma. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo wa siri, imewashwa, izime na usubiri imalize kufungua diski yote. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /disable, amri ya kuzima urejeshaji, kisha hakikisha Winre.wim, faili la urejeshaji wenyewe, imerudi ndani ya C, kwenye System32\Recovery. Ni faili lililofichwa. Ndipo uingie diskpart, chombo cha Windows cha kugawa diski kwa amri, ufute D na kipande cha urejeshaji (hiki kinadai neno override). Soma ukubwa kabla ya kufuta, maana diskpart haiulizi mara mbili. Chagua C, andika extend size=61440, hiyo ndiyo GB 60. Tengeneza kipande kipya cha urejeshaji cha MB 1024; kwenye diski ya GPT (mpangilio wa diski wa mashine za kisasa) kipe set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac na gpt attributes=0x8000000000000001. Kinachobaki kiwe D. Malizia na reagentc /enable, rudisha data. Usikibanie hicho kipande: Januari 2024 sasisho KB5034441 lilikwama kwa watu wengi na kosa 0x80070643 kwa sababu kilikuwa kidogo mno.

Na kabla ya yote hayo, amri powercfg /h off ingefuta hiberfil.sys, faili la kulaza mashine (hibernate), na kurudisha GB kadhaa palepale. Hakuijaribu. GParted nayo hugoma kugusa Windows iliyolala, kwa hiyo amri hiyo ilikuwa na faida mara mbili.

Nakiri, baadaye alikaa na PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea, mpaka usiku na picha nyingi zilirudi, bila majina wala folda. Kwa hilo nilikuwa naelekea nyota tatu. Lakini wakati wa kuchukua mashine akadai elfu thelathini yake kamili, "ya kuongeza C", na C bado ni GB 100. Tatu nimezifuta, na zile mbili za mwanzo pia. Moja inabaki kwa ajili ya zile picha. GParted yenyewe haina kosa lolote.