Fundi wa Ngamiani aliyeniunganishia hakintoshi: mkono nampa tano, ushauri nampa mbili

Naanza na hela maana najua ndo mnachotafuta. Mashine nzima imenila milioni 1 na laki 2 na elfu 35, skrini na kibodi nilikuwa navyo, na humo ndani ya fundi kuunganisha ni elfu 40 tu, zilizobaki zote vyuma. Mi kazi yangu video za harusi na kaswida hapa Tanga, sasa kuna bosi mmoja ananipa kazi karibu kila wikiendi ila mafaili yake yote ya Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video, na Final Cut ya kompyuta haikai Windows hata uisomee dua, inakaa kwenye Mac basi. iMac iliyotumika nikatajiwa bei kwa simu kutoka Dar, nikamwambia muuzaji ntakupigia, mpaka leo sijampigia. Ndo nikaamua kujenga hakintoshi, yaani kompyuta ya kawaida ya Intel ambayo unaibembeleza mpaka ikubali macOS, mfumo wa kompyuta za Mac.

Kabla hamjanisema, ndiyo najua Apple hawataki. Kwenye yale makubaliano marefu ambayo wote tunabonyeza nakubali bila kusoma wameandika mfumo wao ukae kwenye mashine yenye chapa yao tu, na Marekani kuna kampuni ilikuwa inaitwa Psystar, inauza kompyuta zikiwa na mfumo huo tayari, ikashtakiwa 2008, 2009 ikashindwa. Kwahiyo fundi wangu mfumo hakunigusia, kaunganisha vyuma, kawasha nikaona baiosi, ile skrini ya mipangilio inayotangulia mfumo, kanambia mengine kapambane mwenyewe kwako. Mzee mjanja.

Sasa duka lenyewe. Jina silitaji kwasababu kuna ya kumsifia na kuna ya kumlalamikia na sitaki kesi, ila liko Ngamiani barabara za namba, kachumba kamoja, mbele vimepangwa vichwa vya chaja na simu za kitochi, nyuma ya pazia ndo karakana. Ukikaangalia hivi hukadhanii. Lakini huyu mtu akishika bisibisi, aisee. Alinikalisha kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa nikamwangalia mwanzo mpaka mwisho. Skrubu kazipanga kwenye vizibo vya soda, za mazabodi, lile bao kuu, kizibo chake, za kesi, lile boksi la kompyuta, chake, za SSD, yaani diski, ile moja ndogo kama punje ya mchele kaiweka peke yake kwenye kizibo cha katikati. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, zilikuwa za mtumba, akazishika kwenye mwanga, akachukua ufutio wa penseli wa mtoto wa shule akasugua yale meno ya shaba taratibu, akapuliza, akasugua tena. Nikamuuliza shehe mbona zinang'aa tu hizo? Akanijibu "mdogo wangu hii Tanga, chumvi ya bahari inakula chuma umelala, we unaona inang'aa mi naona ukungu." Na kweli pawa saplai yangu ya zamani ilikufa hivyo hivyo, nilipoifungua ndani ilikuwa na kutu kama nanga.

Na nyaya je. Nimeona mashine zimeunganishwa huko kwingine ukifungua ubavu unakuta tambi zimemwagika. Hii nyaya zote zimepita nyuma, zimefungwa vibana vya plastiki na ncha zimekatwa zisikuchane mkono. Kwa ajili ya joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kaweka kitone kidogo cha themo pesti, ile dawa ya kupitisha joto, katikati, siyo wale wanaopaka kama siagi. Hapo sina neno.

Tatizo la huyu bwana linaanza ukimuuliza ununue nini.

Mi nilikuwa na listi yangu kwenye simu. Nimekaa wiki tatu nasoma, nimeamka na macho mekundu kama mla mirungi. Listi ilikuwa hivi: prosesa i5-10400, mazabodi ya B460, ramu gigabaiti 16, SSD, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, ya AMD RX 580. Nikampa, yeye ndo ana watu wake Kariakoo wanaomtumia mzigo kwa basi. Akaisoma, akacheka, akanambia RX ya nini, hapa nina GTX 1650 mpya kwenye boksi lake, chukua hii umeme haili sana. Nikamwambia hiyo ni Nvidia, macOS haina draiva yake, ile programu ya kuiendesha kadi. Akanambia maneno ambayo ntayakumbuka, "kadi ni kadi, ikiwasha Windows itawasha chochote."

Wallahi siyo. Na hapa nawaelezea vizuri maana watu wengi hela zao zinaangukia hapa. Apple kwenye kompyuta zake za Intel za miaka ya mwisho walikuwa wanaweka kadi za AMD, kwahiyo draiva za AMD zimo ndani ya mfumo tayari. Nvidia walikuwa wanatoa draiva zao wenyewe, wakaishia kwenye High Sierra, toleo la macOS la 2017, na hata huko mwisho ni kadi za familia ya GTX 900 na 1000. 1650 haikuwahi kukubali toleo lolote. Sasa ukichukua hiyo kadi skrini itaonyesha picha ndiyo, ila menyu inakokota kama mkokoteni wa maji mlimani, na Final Cut ndo usahau. Za AMD ndo usalama wako, RX 570, 580, na kama mfuko unaruhusu RX 6600, hiyo inataka toleo la Monterey 12.1 kwenda juu. Ila usije ukabeba RX za 7000 kwasababu ni mpya, hizo hazimo.

Raundi ya pili akataka kunipa i5-10400F, bei imeshuka elfu 30. Ile F maana yake haina grafiki ya ndani. Sisemi haifanyi kazi, ukiwa na kadi ya AMD inafanya, ila ile grafiki ya ndani, UHD 630, inasaidia sana wakati wa kurenda video, yaani kutoa faili la mwisho, na mi ndo kazi yangu hiyo. Nikakataa. Akanuna kidogo, akaagiza chai, yakaisha. (Na ukimkuta anakusifia Intel ya kizazi cha 11 au 12 kwamba ni mpya zaidi, mwambie grafiki ya ndani ya hizo macOS haizijui kabisa.)

Raundi ya tatu ndo iliyoniumiza, na hii hata yeye aliumizwa. Mzigo ukashuka stendi ya Kange asubuhi, kadi imeandikwa RX 580 gigabaiti 8, stika safi. Akaunganisha kama nilivyosema, akaichomoa tena kadi akaifunga gazeti peke yake, kanambia usisafiri nayo humo ndani tundu litavunjika. Nikafunga kesi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na mpira, chini nimeweka kipande cha godoro, nikaendesha mpaka Makorora kama nimebeba mgonjwa, kila tuta nashuka.

Usiku nikairudisha kadi, nikaingia baiosi kupanga inavyotaka macOS. Secure Boot nikazima, CSM nikazima, Above 4G nikawasha, diski ikae AHCI. Fleshi yangu ya OpenCore nilishaiandaa kwenye laptopu ya shemeji. OpenCore kwa asiyejua ndo programu inayotangulia kabla ya mfumo, inaiambia macOS uongo mzuri kwamba hapa uko ndani ya iMac usiwe na wasiwasi, mimi niliweka iMac20,1 maana ndo iliyokuwa na prosesa za kizazi hiki cha 10. Nikachukua lile faili dogo la kuanzia ambalo halifiki gigabaiti moja, mengine yote yakashuka kwa intaneti, gigabaiti kama 12, kwahiyo nunueni bando la usiku au mtalia. Saa tisa usiku nikaona desktopu ya Ventura, toleo la macOS nililoweka. Nikatamani kumwamsha mtu.

Afu nikavuta dirisha, likaja kwa vipande vipande. Nikafungua sehemu ya kuhusu Mac hii, kwenye grafiki pameandikwa Display 7 MB. Megabaiti saba! Kadi ya gigabaiti nane.

Usiku wa kwanza nikahangaika na faili za kexti, viongezo vya macOS vinavyofanya kazi kama draiva, nikabadilisha Lilu, nikabadilisha WhateverGreen, hamna. Usiku wa pili ndo nikapata akili ya kurudisha Windows kwenye diski nyingine nikaipima kadi, ikasoma koa, yaani viini vya kupiga hesabu, 2048. RX 580 halisi ina 2304. Yangu ilikuwa ile wanaiita RX 580 2048SP, toleo la soko la China, jina la 580 ila ndani idadi ya koa ni ya 570, na kitambulisho chake kwenye mashine ni 6FDF wakati macOS inakitambua 67DF. Yaani kadi imekuja na kitambulisho cha mtu mwingine na askari getini kaikataa. Dawa yake nikaingia kwenye config.plist, faili la mipangilio la OpenCore, sehemu ya DeviceProperties, nikaweka device-id ya uongo DF670000, inaandikwa kinyumenyume usishangae, nikawasha upya. Dirisha likateleza kama limepakwa mafuta. Hiyo mistari miwili ndo usingizi wangu wa siku mbili.

Asubuhi nikaenda kwa fundi, sikwenda kugomba, nilikwenda na picha ya skrini. Akavaa miwani, akaisoma kwa muda, akapiga simu Kariakoo mbele yangu, akamwambia mtu wake "umeniaibisha kwa mteja." Kisha akatoa elfu 50 mfukoni kwake akanirudishia, hakusubiri ya Dar. Nilitaka kukataa, akaniwekea mkononi. Ndo maana hii tathmini naiandika vizuri, la sivyo mngeona maneno mengine hapa.

Vitu vingine vidogo vidogo: sauti iligoma mpaka nikabadilisha namba ya leiauti kwenye AppleALC, kexti ya sauti, ya tatu ndo ikaita. Matundu ya USB ya mbele yalikuwa yamekufa kwasababu macOS ina ukomo wa milango 15 kwa kila kidhibiti, na tundu moja la bluu inalihesabu mara mbili, kwahiyo unachagua yapi yaishi. Waifai sikuweka, nimevuta waya wa LAN kutoka kwenye ruta. Kompyuta kulala nayo imenishinda, ukiilaza haiamki, naizima tu. Ukiwa na haraka hii kitu siyo ya kwako.

Lakini ikishakaa inapiga kazi. Harusi ya dakika 40 ya juzi Raskazone, kamera mbili, nimeirenda nikaenda kuswali nikarudi nikakuta imemaliza, laptopu ya zamani ningeiacha usiku kucha na feni linalia kama jenereta. Nimenunua na UPS ya mtumba, hiyo siyo anasa hapa kwetu, umeme ukikatika katikati ya kurenda ndo utajua.

Kuna atakayeniuliza si ungechukua Mac mini ya M1, ile ndogo yenye chipu ya Apple wenyewe, yaishe. Niliiwaza. Zile za bei ninayoiweza zina ramu 8 na diski 256 na ndani huongezi kitu, mimi harusi moja ni gigabaiti 120. Hii nimeongeza diski ya pili juzi kwa bisibisi yangu mwenyewe. Ila sitawadanganya, maisha ya hii njia mafupi. Apple walitangaza kuihama Intel 2020, na macOS 26 ya 2025, ile Tahoe, ndo toleo la mwisho linalokubali Intel, baada ya hapo hakuna tena. Mimi nimekaa Ventura, bosi naye yuko na toleo la zamani la Final Cut, tunaelewana, kwa miaka miwili mitatu itakuwa imeshajilipa. Anayetaka kukaa na toleo jipya kila mwaka asijenge.

Kwahiyo mkienda kwa huyu mzee, nendeni na listi iliyoandikwa kwenye karatasi, simu anaikataa anasema maandishi madogo, na msikubali abadilishe hata herufi moja, F ni herufi moja na mmeona. Kadi mwambieni aichomeke kwenye mashine yake ya Windows mpime hesabu ya koa mbele yenu kabla hamjatoa hela, siku hizi hakatai. Ijumaa anafunga saa tano na nusu anarudi saa tisa. Na ukikuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya ile ndoo ya rangi, imeandikwa RX 580 iwe 2304, mwandiko ni wangu.