Amplifaya ya hedifoni kwa singeli na tekno ya usiku: uzoefu wangu na FiiO K5 Pro

Jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Tabata, Dar es Salaam, ni mama mtu mzima anayeamka usiku wa manane kwenda Feri kuchukua samaki. Asubuhi moja aliniita barazani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, muziki wenyewe siusikii, ila lile dundo linanifuata mpaka kitandani." Nilimwelewa. Sauti nyembamba huishia ukutani, besi hupita. Tangu siku hiyo spika zangu zinalala saa tatu usiku, na kinachoendelea baada ya hapo ni hedifoni.

Ninachosikiliza karibu chote kimetengenezwa kwa mashine: singeli, amapiano, hausi, tekno, na ile tekno ya polepole yenye mwangwi mrefu iliyotoka Berlin miaka ya 90. Muziki wa namna hii unadai besi ishuke chini na iache kwa wakati. Singeli inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240, ni mapigo manne kwa sekunde, yaani pigo moja kila robo sekunde. Besi ikivuta mkia, pigo la kwanza linalikuta la pili mlangoni na unachosikia ni mngurumo mmoja tu, wakati aliyeupiga aliyatenga moja moja.

Kwa hiyo nilianza na hedifoni, na hapo ndipo ningemwomba kila mtu aanzie. Rafiki yangu fundi mitambo wa studio aliniuzia Beyerdynamic DT 770 Pro aliyokuwa haitumii tena, ile ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyozuia umeme). Ni ya kufunga sikio, ina sponji za kitambaa laini cha kijivu, na waya wake umejisokota kama wa simu za mezani za zamani. Kuna aina za omu 32, 80 na 250, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa, maana ukubwa wa namba hiyo ndio utakaokwambia unahitaji amplifaya ya namna gani.

Nilipoichomeka kwenye simu kupitia kile kiunganishi kidogo cha USB-C, sauti ilikuja, lakini imepoa. Niliipandisha mpaka mwisho na bado nikawa nakaza masikio. Nikamwambia fundi, "Kaka, hii kitu imekufa." Akacheka, akachukua kalamu.

Hesabu aliyonifanyia siku ile imeniokolea fedha nyingi. Mtengenezaji anasema hedifoni hii inatoa desibeli 96 ikipewa miliwati 1. Simu nyingi na viunganishi vyake hutoa kati ya nusu volti na volti 1. Kwenye omu 250, nusu volti ni miliwati 1 kamili, basi kilele chako ni desibeli 96. Volti 1 ni miliwati 4, unafika 102. Ukitaka vilele vya desibeli 110, ambavyo ni vya juu sana, unahitaji miliwati 25 hivi, kama volti 2.5. Umeona? Miliwati 25. Nikakumbuka nilivyokuwa nasaka amplifaya za miliwati elfu mbili na kuona aibu kuuliza za chini ya hapo.

"Sasa mbona sauti ni ndogo kama inafika 96?" nikamuuliza. Akaniambia 96 ni kilele, yaani lile dundo lenyewe. Wastani wa wimbo uko chini yake, desibeli 10 kwa muziki uliobanwa, yaani ambao sauti zake kubwa na ndogo zimekaribiana, na hata 18 au zaidi kwa ule wa polepole wenye nafasi. Halafu nilikuwa nimewasha ikwalaiza, kile kirekebishi cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti, ili kuongeza besi, nayo ndiyo ilikuwa inakula sauti. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu kwa wapenzi wa muziki wa kielektroniki ndilo kiini.

Amplifaya yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji. Kifaa kilikuwa kizuri kwa sura. Nilichomeka adapta ukutani, baada ya dakika chache nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoichomoa na kuipeleka kwenye mwanga, nikasoma kwa maandishi madogo sana: volti 120. Umeme wetu ni 230. Ilikuwa adapta ya transfoma, si zile zinazojirekebisha zenyewe. Muuzaji hakujibu ujumbe hata mmoja. Ukinunua kifaa kilichotoka Marekani, kabla hujagusa soketi tafuta yale maandishi kwenye adapta. Ikiandikwa 100–240V, chomeka. Ikiandikwa 120V peke yake, iache mezani.

Ya pili niliazimwa na jamaa mmoja wa Sinza, amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Nilikaa nayo wiki mbili na niliipenda kweli. Amapiano kwenye DT 770 ilikuwa na unene fulani mtamu, lile logidramu, besi ya ngoma ya amapiano, likija linakukumbatia. Tatizo lilionekana mke wangu alipochomeka hedifoni yake ndogo ya omu 32. Besi ilivimba, ikalegea, na nilipoongeza sauti kidogo tu ikaanza kukwaruza. Amplifaya nyingi za valvu za namna ile zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti. Mafundi wana kanuni yao: ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa omu 250 una nafasi hadi omu 31 hivi. Kwa omu 32, mwisho wako ni 4. Hedifoni ina tabia ya ukinzani wake kupanda na kushuka kulingana na sauti kuwa nene au nyembamba, na mara nyingi hupanda kwenye besi. Amplifaya yenye ukinzani mkubwa inashindwa kuishika pale, basi besi inajitanua yenyewe. Kwenye wimbo wa polepole unaweza kuuita utamu. Kwenye singeli ni fujo. Nilirudisha ile ya valvu kwa shukrani nyingi.

Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: FiiO K5 Pro, niliyoinunua imetumika kwa shilingi 280,000. FiiO ni kampuni ya Guangzhou, China, na K5 Pro ilitoka 2019. Ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa kama dola 150. Ndani yake kuna vitu viwili kwa pamoja, DAC ya kugeuza namba za kompyuta kuwa sauti, na amplifaya yenyewe, hivyo waya mmoja wa USB unamaliza kazi. Adapta yake ni ya volti 15 na inakubali umeme wetu. Mbele kuna tundu moja la hedifoni la milimita 6.35, kitufe kikubwa cha kuzungusha sauti, na swichi ya geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, yenye hatua tatu. Nyuma, mbali na USB, kuna milango miwili mingine ya sauti ya dijitali, wa waya wa mwanga na ule wa waya wa koaksio. Karatasi yake inasema miliwati 1,500 kwenye omu 32, na baada ya hesabu ya fundi unajua hizo ni akiba, si matumizi.

Usiku wa kwanza niliweka singeli ya mapigo mengi, taa nimezima, mtoto amelala. Nilichosubiri ni besi kubwa zaidi. Haikuja. Besi ilikuwa ileile ya hedifoni yangu, kiasi kilekile. Kilichobadilika ni kwamba kila pigo lilianza na kuisha peke yake, na kati ya pigo na pigo nikasikia vitu ambavyo sikuwa nimewahi kuvijua kwenye wimbo nilioucheza mamia ya mara: sauti ya mtu anavuta pumzi, kengele ndogo iliyokatwa nusu na kurudiwa, upande wa kushoto tu. Nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha. Nadhani simu nayo ilikuwa inavitoa, ila kwa sauti ya chini mno hata sikio halikuvipa nafasi. Amplifaya isiyo na makosa haina ladha ya kuongeza. Anayetaka besi zaidi abadilishe hedifoni au atumie ikwalaiza.

Na hapa ndipo narudi kwenye ikwalaiza. Muziki wa dijitali una dari, inayohesabiwa kuwa desibeli sifuri, na hakuna kitu juu yake. Watengenezaji wa muziki wa kielektroniki huwa wanasukuma nyimbo zao mpaka zigusane na dari hiyo. Ukiongeza besi desibeli 6 kwenye wimbo ulioshafika juu, dundo linagonga dari na kukatwa kichwa, nawe unasikia mkwaruzo na kulaumu hedifoni. Kwa hiyo unachofanya ni kushusha kila kitu desibeli 6 kwanza, kisha unaongeza besi ndani ya nafasi uliyoifungua. Kwenye kompyuta yangu natumia Equalizer APO, programu ya bure ya Windows, ina mstari wake kabisa wa kushusha sauti ya jumla. Sauti inabaki safi lakini imepungua, na desibeli 6 ni nusu ya volti zako. Simu iliyokuwa inatoa kilele cha 96 sasa, kwa sauti zote zisizo besi, iko 90. Amplifaya ndiyo inayokurudishia kile ikwalaiza ilichochukua. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua amplifaya ukiwa msikilizaji wa besi. Asiyetumia ikwalaiza na mwenye hedifoni ya omu 32 inayopaza kirahisi abaki na simu yake, fedha ziende kwenye kitu kingine.

Mimi nimepandisha desibeli 4 chini ya hezi 60, yaani besi ya chini kabisa, si zaidi. Nilijaribu 8, ikapendeza dakika kumi, kisha kichwa kikaanza kuuma.

Jambo ambalo sikuliona likitajwa nilipokuwa nachagua ni sauti ya chini. Watu wanapima amplifaya kwa jinsi inavyopiga juu, ilhali msikilizaji wa usiku anaishi chini. Kifaa kingine nilichokijaribu dukani, chenye kitufe cha kawaida cha kuzungusha, kilikuwa na ugonjwa wa upande mmoja kutangulia: mwanzoni kabisa sikio la kulia linasikia, la kushoto bado. Ukiongeza zinalingana, lakini hapo tayari ni kubwa kuliko unavyotaka. Ukienda kujaribu amplifaya, usiombe uoneshwe mwisho wake. Izungushe kidogo tu kutoka sifuri, funga macho, usikilize kama mwimbaji yuko katikati. Na chagua yenye geini ya chini, ili kitufe kipate nafasi ya kutembea. Mimi DT 770 naisikiliza kwenye geini ya kati. Hedifoni ya mke wangu inakaa ya chini, na lazima nikumbuke kurudisha swichi kabla hajavaa.

Kuna usiku nilisikia mzizimo, "nzzz" nyembamba nyuma ya ile tekno ya Berlin yenye ukimya mwingi. Nilidhani amplifaya. Nilipochomoa chaja ya kompyuta, kimya. Nikarudisha, ikarudi. Chaja na amplifaya zilikuwa kwenye soketi mbili tofauti, na umeme ulikuwa unazunguka kupitia waya wa USB. Niliziweka kwenye ekstensheni moja, ikapungua sana. Nikitaka kimya kabisa nacheza kutoka kwenye simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha simu na vifaa vya USB, kwa kuwa K5 Pro ina umeme wake na hainyonyi chaji ya simu. Kwenye televisheni natumia waya wa mwanga, ambao haubebi umeme wowote, basi mzizimo hauna pa kupita.

Niseme pia la masikio, nalisema kwa dhati. Sauti mbovu hukukera na unaipunguza mwenyewe. Sauti safi haikuonyi. Unapandisha kidogo, kidogo tena, na hakuna mkwaruzo wa kukwambia umevuka. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila ukipanda desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Kwenye 89 umebakiwa na saa 5 za wiki nzima. Nimebandika kipande cha plasta kwenye kitufe, alama ya mahali ninapoanzia, na kila baada ya wimbo wa tatu au wa nne natazama kama nimeiacha mbali.

Joto la Dar na sponji za kitambaa haviendani vizuri. Baada ya saa moja masikio yameloa, hivyo feni inanielekea uso kwa uso. Sponji zinatoka na kuuzwa peke yake, naziosha kwa maji ya sabuni kidogo kila mwezi.

K5 Pro haina betri. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, pete ya taa inayozunguka kitufe inazimika na ukimya unakuwa wa ghafla, nasikia jenereta za mtaa zikianza kuitikiana moja baada ya nyingine. Usiku kama huo nachomeka DT 770 moja kwa moja kwenye simu, nazima ikwalaiza ili nirudishiwe zile desibeli zangu, na natafuta kitu cha polepole.