Kamera ya Kutega Wanyama: Uliza Betri Kabla ya Kuuliza Bei

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kamera hizi, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, yanafanana. Dada mmoja wa Machame anasema kamera yake mpya inanasa vizuri kuku, mbwa na watoto wanaokatisha shambani mchana, ila usiku hakuna kitu, na huku magimbi yake kando ya mfereji yanafukuliwa kila kukicha. Mwingine wa Usa River anapata picha nyeusi tii, chini zimeandikwa saa na tarehe tu. Niliwauliza wote wawili wameweka betri gani. Wote wakajibu: "Za dukani."

Shida ipo hapo, na sijakutana na muuzaji anayeitaja.

Picha ya mchana haili umeme wa maana. Usiku kamera inawasha kwa mpigo taa zake zote za infraredi, mwanga ambao jicho karibu halioni, na kama umeiweka kwenye video, zinawaka mpaka video iishe. Betri iliyochoka kidogo itakupigia picha za mchana bila wasiwasi, lakini taa zikidai umeme wao, volti zinaporomoka. Kuna kamera zinazopunguza mwanga kimyakimya, kuna zinazokata video katikati, na kuna zinazojizima na kujiwasha upya wakati nungunungu ameshashiba na kuondoka. Asubuhi unakuta kuku.

Soma herufi ndogo kwenye ganda la betri. R6 ni zile za redio na rimoti, zimejaa kila kioski. Kwa kazi hii usizinunue kabisa. LR6 ni alkalaini, inaanza na volti 1.5 na kushuka kadiri inavyotumika. HR6 ni ya kuchaji: volti 1.2, lakini inang'ang'ania hapo mpaka karibu iishe. FR6 ni lithiamu, volti 1.5, nguvu yake haiyumbi, ila haichajiki na kuipata hapa ni kazi. Mimi natumia HR6, kwa sababu siwezi kununua betri mpya kila mara kama mtu aliyefadhiliwa. Tatizo ni kwamba HR6 sita zikipangwa mstari mmoja zinatoa volti 7.2 badala ya 9, na baadhi ya kamera zikiona hivyo zinadhani betri zimekwisha.

Kwa hiyo nenda dukani na HR6 zako zimechajiwa. Weka kwenye kamera, omba kuingia stoo, zima taa, simama mita kama 5 na upite mbele yake. Halafu rekodi video ya sekunde 30. Fungua kadi hapo hapo: ukuta wa nyuma uonekane, na video iwe nzima. Muuzaji akikataa, toka. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, hii orijino, haina haja ya kujaribu." Nikamrudishia boksi lake.

Megapikseli sizijadili. Boksi likijitapa 48, mara nyingi ni programu inayotanua picha ndogo. Unapata faili kubwa la picha ile ile.

Sasa kamera zenyewe, kwa mpangilio wangu. Ya kwanza: Browning. Nina upendeleo, na siuombei radhi. Jina ni la kampuni ya bunduki ya Marekani, kamera zinatengenezwa chini ya leseni yake na kampuni nyingine ya huko huko. Chukua Recon Force au Spec Ops, zenye betri 8. Kwangu zinafanya kazi usiku kwa HR6 bila kulalamika, na zenye skrini ndogo ndani zinakuwezesha kuona papo hapo umeielekeza wapi. Recon Force taa zake zinaonekana kwa wekundu hafifu. Spec Ops hazionekani, ila mwanga wake hauendi mbali vile. Kama unaogopa wezi, au komba kushtuka, chukua Spec Ops.

Ya pili: Reconyx HyperFire 2. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Inabeba betri 12, na kwenye menyu unaiambia umeweka za aina gani, jambo ambalo wengine wote wangeiga. Lakini ni ghali, na waranti yake ya miaka 5 inakusaidia nini kama fundi wake yuko Marekani?

Ya tatu: Bushnell. Si mbaya. Ifanyie jaribio la stoo.

GardePro na wenzake wa bei ya chini: alkalaini tu, na uvumilivu. Zisizo na jina, achana nazo.

Sasa kutega. Usiifunge kwenye mgomba. Unayumba, na mkanda unalegea. Tafuta mringaringa au mparachichi uliokomaa, kimo cha goti kwa nungunungu, fungo na kanu. Kihisi kinafuata joto linalotembea, kwa hiyo jani la mgomba lililochomwa na jua likipepea mbele yake, kwake ni mnyama. Utakuta kadi imejaa majani na betri zimekwisha kabla ya usiku kuingia. Kata kila jani lililo ndani ya mita 4 au 5. Lenzi iangalie kaskazini au kusini, jua lisiingie ndani asubuhi na jioni. Usiielekeze moja kwa moja kwenye njia ya mnyama. Iweke kwa pembe, maana anayekatisha ananaswa upesi kuliko anayekuja usoni. Masika weka pakiti ya kunyonya unyevu ndani, na kagua siafu na sisimizi kila ukibadilisha betri. Waambie majirani. Na ndani ya hifadhi, iwe Arusha au Kilimanjaro, usifunge kitu bila kibali.

Kuhusu wauzaji, nina mengi. HR6 iliyoandikwa 3,800 mAh (kipimo cha umeme inaobeba) ni uongo mtupu. Betri nzuri ya kuchaji ya saizi hiyo haifiki 3,000, na Eneloop ya kawaida inaandika 2,000 au chini kidogo, ndiyo maana naiamini. Memori kadi nazo: nimeuziwa ya GB 128 iliyobeba GB 8, zilizobaki ni jina. Ijaze kwa F3 au H2testw, programu za kompyuta zinazopima ujazo halisi, kabla ya kupeleka shambani. Halafu mjini Arusha ukitamka "kamera ya wanyama", bei inakuwa ya mtalii saa hiyo hiyo, na winga anatokea ghafla kukupeleka duka la rafiki yake. Mimi siku hizi naulizia kamera ya kulinda kahawa. Bei inashuka. Kisha naomba risiti ya EFD, na bei inapanda tena.