TAHADHARI: Muuzaji wa kontrola za madijei mwenye shuka la waridi. Taa zawaka, kazi hakuna

Wenzangu wa Lamu na Shela, na nyinyi wa Malindi na Watamu, wote mnaopiga muziki harusini na mahotelini: kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akiuza kontrola za MIDI za madijei, vile vibao vya vitufe vya kuiamrisha programu ya muziki kwenye kompyuta. Asema yuko Mombasa, ana duka, na mzigo anatuma popote Pwani. Picha zake zote amezipiga juu ya shuka la waridi lenye maua, na ukimuuliza hali ya chombo jibu lake ni moja, "iko safi kama yai." Mkiliona shuka hilo na mkilisikia yai hilo, piteni. Mimi ameshanila shilingi 31,000.

Jina lake siliandiki kwa sababu analo zaidi ya moja. La kwenye tangazo ni mbali, la kwenye simu mbali, na lililotokea nilipokuwa natuma M-Pesa ni la tatu. Lipi lake la kweli, Mungu ndiye ajuaye.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye shughuli za wanawake. Kwa asiyejua mila zetu, siku ya kupamba biharusi huonyeshwa na ukumbini haingii mwanamume, kwa hivyo dijei mwanamke hapa hakosi kazi, hasa Shaaban, kila mtu akikimbilia kuozesha kabla ya Ramadhani. Vyombo vyangu si vya kujivunia: deki mbili za CD, mixa ya chaneli mbili, kompyuta yenye Serato (programu ya madijei), na kile kisanduku cha kadi ya sauti kinachokaa kati ya kompyuta na mixa. Vyote nilivinunua vikiwa vimetumika, na hewa ya chumvi inaendelea kuvila polepole.

Kilichonikosa ni pedi, vile vitufe vya mraba unavyovigonga kwa kidole kipande cha sauti kikalia. Deki zangu ni za zamani, hazina. Nikitaka kutia vigelegele vya kurekodi, au kukizungusha kipande cha chakacha wakati akina mama wamepandwa na mdadi, lazima nishike kipanya gizani na kubahatisha. Harusi moja ya Langoni, biharusi anaingia, ukumbi mzima kimya, nikabofya pasipo: badala ya vigelegele ikalia honi ya meli. Mamake biharusi hadi leo akiniona njiani anageuza uso. Basi nikaamua kutafuta kontrola ndogo ya kuweka kando ya mixa, yenye pedi tu, vyombo vingine vikae vilivyo.

Chombo chenyewe nilikuwa nakijua: Pioneer DDJ-SP1. Ilitoka mwaka 2013 kwa ajili ya watumiaji wa Serato, ina pedi 16, nane kila upande. Haina deki wala mixa ndani yake, kazi yake ni kukaa pembeni na kuiamrisha programu. Chombo chenyewe ni kizuri, na maneno yangu hapa hayamhusu aliyekitengeneza. Ila ni cha zamani, ukikipata utakipata kwa mtu aliyekitumia, na hapo ndipo walaghai wanapokaa kutungoja.

Tangazo lilisema hivi: "Mpya kabisa, toleo la mwaka huu. Ina kadi ya sauti ndani. Chomeka tu, Serato yote inafunguka. 27,000." Uongo tatu kwenye mstari mmoja, na wa kwanza nimeshawaonyesha: chombo cha 2013 hakiwezi kuwa toleo la mwaka huu. Niliuona. Nikajiambia labda ni maneno ya biashara tu.

Uongo wa pili ndio ulioninasa, na nataka muuelewe vizuri. MIDI haibebi sauti. Tangu ilipowekwa mwaka 1983, inachopeleka ni maagizo: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, nobu (kifundo cha kuzungusha) imezungushwa hadi wapi, na mara nyingi vipimo hivyo ni namba kuanzia 0 hadi 127. Nahodha akisema "geuza", si neno lake linaloisukuma jahazi, upepo ndio unaosukuma. Sauti inatengenezwa na kompyuta na inatokea kwenye kadi ya sauti. Kuna kontrola zenye kadi ndani, ni kweli, lakini hizo utaziona nyuma zina matundu ya sauti, yale ya rangi nyekundu na nyeupe, na mahali pa kuchomeka vipokea sauti vya masikioni. Chenye tundu la USB peke yake hakitoi sauti hata ukiapa. SP1 ni cha USB peke yake. Na picha ya nyuma, jamani, hakunitumia, wala mimi sikuiomba.

Kwa nini nilimwamini? Kwa sababu kisanduku changu cha kadi ya sauti kilikuwa kimeanza kunguruma upande wa kushoto, nikaona Mungu kaniletea dawa ya maradhi mawili kwa pesa moja. Alinisikia ninavyouliza, akajua pa kubonyeza.

Uongo wa tatu utawaumiza zaidi wanaoanza. Serato haifunguki kamili kwa kuchomeka kontrola yoyote ya MIDI. Yataka ione chombo inachokitambua, na SP1 ni cha nyongeza tu, lazima kiwe na kikubwa chake. Ukimnunulia mwanao kontrola kama hiyo ukitaraji kwamba hiyo na kompyuta zatosha kupiga harusi, utakuwa umemnunulia taa za rangi.

Nikamwomba video. Akaileta upesi, na video ile ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika leo. Chombo kiko juu ya shuka, kimechomekwa, taa za pedi zinacheza nyekundu na kijani, nyuma yake muziki unalia vizuri. Nikafurahi nikawaonyesha na watu nyumbani. Sikujiuliza muziki unatoka wapi. Baadaye ndipo nilipopata akili: taa huhitaji umeme wa USB tu. Baadhi ya kontrola hata zina hali ya maonyesho, ukiziacha bila kuziguza taa zinacheza zenyewe. Kwenye video ile yote hapana mkono uliogusa pedi hata mara moja, na skrini ya kompyuta haionekani. Alichonionyesha ni kwamba nyumbani kwake kuna stima.

Malipo alitaka 15,000 kwanza na 12,000 nikiona risiti ya basi. Nilipoingiza namba, M-Pesa ikanionyesha jina la mwanamke kabla sijathibitisha. Nikampigia. Akasema ni mke wake, laini yake mwenyewe imejaa. Jina lile hutokea ili mtu apate nafasi ya kusita, na mimi nafasi hiyo niliipata nikaitupa. Risiti ya basi ilikuja kweli, mzigo ukasafiri kweli, na hapa nakiri huyu bwana ana ustadi: wengi wa walaghai hawatumi kitu, yeye anatuma. Ukishapokea boksi, kesi yako inageuka ugomvi wa mnunuzi na muuzaji, na kila mtu anakwambia "si umepokea lakini?"

Nikavuka hadi Mokowe, gatini upande wa bara, nikalipata boksi limezungushiwa utepe mpaka halina uso, nikarudi nalo kwa boti nimelipakata kama mtoto. Kompyuta nilikuwa nimeiacha nyumbani. Laiti ningeibeba.

Nyumbani nikachomeka. Taa zikawaka. Nikabonyeza pedi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Sasa, kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo MIDI-OX, inaonyesha kila ujumbe unaoingia, na wenye Mac wana MIDI Monitor. Nikaiwasha. Pedi nzima ukiibonyeza mstari unatokea papo hapo wenye namba yake na nguvu ya kidole chako. Nobu nzima ukiizungusha polepole namba zinapanda moja moja hadi 127. Kwangu, pedi 5 kati ya 16 ndizo zilizotuma kitu, na nobu moja iliruka kutoka 40 hadi 90 kama panzi. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha tundu la USB, nikajaribu kwenye kompyuta ya binamu yangu. Yale yale.

Fundi simu mmoja wa mtaani akanifungulia. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani ya maji ya chumvi, na utepe wa nyaya wa upande mmoja umekatika. Karatasi ya namba ya mfululizo chini yake imekwanguliwa. Fundi akacheka, akasema hiki kilizama, kikaoshwa, kikauzwa.

Nilipompigia hakukasirika. Alinihurumia! Akasema pedi hazilii kwa sababu Serato yangu haina leseni, nitume 4,000 anipe leseni pamoja na programu. Wallahi nikatuma. Hapo sina cha kujitetea, MIDI-OX haihitaji Serato wala leseni yake, na namba zilikuwa zimeshaniambia kila kitu. Lakini mtu aliyekwisha kutoa 27,000 anaona 4,000 ndogo. Kikaja kiungo cha kupakua, na maelezo yake ya kwanza ni kwamba nizime kinga ya virusi kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipozinduka, nikafunga. Programu ya Serato mtu anaipakua bure kwa Serato wenyewe, na leseni inafungwa kwenye akaunti yako wewe. Anayekutaka uzime kinga anakuuzia wizi.

Siku ya pili alikuwa amenifungia simu.

Kuhusu pesa, msije mkapoteza muda kama mimi. Nilipeleka ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba malipo yarudishwe, nikaelewa kwamba njia ile ni ya aliyekosea namba akatumia asiyekusudia. Mimi sikukosea namba, nilikosea mtu. Namba yake nimeiripoti kwa 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za walaghai, na nimeandikisha kituoni Lamu nikapewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Askari aliniambia jambo la maana: mazungumzo yote yahifadhiwe kama yalivyo, yasifutwe kwa hasira, na aliyeibiwa na namba ile ile aandikishe naye, kwani malalamiko ya mtu mmoja huonekana ugomvi wa biashara. Sheria ipo, ya makosa ya kompyuta na mitandao ya mwaka 2018. Kinachokosekana ni wenzangu walioibiwa. Najua mpo, mnaona haya tu.

Mkitaka kununua chombo cha kuongeza, na kipo cha kununuliwa, dawa ni video ya namba. Mwambie muuzaji afungue MIDI-OX, au Mixxx ambayo ni programu ya dijei ya bure kabisa, abonyeze pedi moja baada ya moja, skrini na mikono vionekane pamoja, na kando yake aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mtu mwenye chombo kizima hamalizi dakika tatu. Mwenye kutu atakwambia kompyuta iko kwa fundi, mke yuko safarini, wewe humwamini. Kisha ageuze nyuma uone matundu, na chini usome namba ya mfululizo. Kama una jamaa Mombasa, aende aone kwa macho. Wangu alikwenda mimi nimeshalizwa, akakuta kwenye duka aliloelekezwa panauzwa mapazia.

Na ukishakipata, usikichomeke kwenye kile kigawanyio cha USB cha shilingi mia tatu kisichokuwa na umeme wake pamoja na kadi ya sauti na diski. Tundu la kawaida la USB 2.0 latoa miliampea 500, ukivirundika vyote hapo vitapokonyana, na utamlaumu muuzaji asiye na kosa. Kadi ya sauti ipe tundu lake peke yake.

Mimi sasa nina Akai LPD8, kidude cha pedi 8 na nobu 8, nimekinunua kwa mpiga muziki wa hoteli moja ya Shela. Nilikwenda kwake na kompyuta yangu, nikabonyeza zote nane mbele yake, nikazungusha nobu zote, ndipo nikatoa pesa. Serato inaniruhusu kukipangia kazi kila kitufe, na kadi ya sauti ni ile ile yangu ya kunguruma, mpaka nipate nyingine. Pedi ya kwanza ni vigelegele. Honi ya meli nimeifuta.

Jana usiku dada mmoja wa Malindi amenitumia tangazo akiniuliza kama namjua muuzaji. Chombo ni kingine, bei ni nyingine, shuka ni lile lile la waridi. Nusu ameshatuma. Nimemwambia asitume iliyobaki na aombe video ya namba yenye jina lake kwenye karatasi. Ameomba tangu saa tatu usiku. Hadi naandika haya, alama mbili za samawati zipo, jibu halijafika.